King'ora Kilichomkimbiza Bu

Siku tuliyomzika Bu ndiyo siku Avinesh alipoondoka kijijini kwetu, na kwa muda mrefu sikuweza kuyatenganisha majonzi hayo mawili. Nilianza kumlilia bibi yangu, katikati ya kilio nikajikuta namlilia mwanamume aliye hai.

Bu alikuwa mama yake Baba. Asubuhi hiyo jeneza lake lilikuwa mbele ya kanisa, limefunikwa ile nguo yake ya maua ya zambarau, na mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri. Hapo ndipo king'ora cha mto kilipolia.

Sisi tunaoishi kandokando ya mto hapa Fiji hatuulizi tunaposikia sauti ile. Inamaanisha maji yanashuka kutoka milimani. Acha ulichoshika, panda kilimani. Mwaka wa kile kimbunga kikubwa mto uliingia kanisani ukafika madirishani. Kwa hiyo watu waliondoka. Akina mama walibeba watoto, vijana wakabeba wazee, Shangazi Kelera akavua viatu vyake vya msiba akavishika mkononi na kukimbia kama msichana.

Baba hakuondoka. Alisimama ameweka mkono juu ya jeneza.

"Semesa, maji!" Mjomba Waisake alimwita kutoka mlangoni.

"Yaje," Baba alisema. "Simwachi mama yangu anywe maji ya mto."

Mjomba alirudi. Kaka yangu Apisai akarudi. Wakapatikana wengine wawili, wakambeba Bu mabegani na kupanda naye kilimani mbio, mimi nyuma yao. Njia ilikuwa na utelezi wa umande. Apisai aliteleza, jeneza likainama kwenye mihogo, na Baba akalizuia kwa kifua chake. Nilisikia pumzi ikimtoka.

Kule juu tulisimama tukihema, tukatazama chini. Mto ulikuwa mwembamba na safi. Mawe yake yote yalionekana. Ng'ombe mmoja alikuwa amesimama katikati, maji hayajamfika magotini, anakunywa.

Hakuna aliyecheka. Bu pekee ndiye angecheka.

Tulimzika mchana. Avinesh alifika wakati chakula kinagawiwa, ametoka mjini Suva kwa gari la kukodi, suruali imechafuka vumbi mpaka magotini. Alivua viatu mbali kabisa, akaja ameinama kama alivyofundishwa, akaketi karibu na mlango. Alinitazama mara moja tu. Nilimjua vya kutosha kuelewa ule mtazamo: alikuwa anajua jambo.

Yeye ni mtafiti wa chuo kikuu. Kazi yake ni kuchunguza vyombo vilivyounganishwa na mtandao, kama vipimo vya mito, mashine za hospitali, taa za barabarani, ili aone kama mtu mwenye nia mbaya anaweza kuviingilia kutoka mbali na kuvitumikisha. Kijiji kilikuwa kimenichagua mimi kutunza kisanduku cha king'ora, kile kinachopima maji mtoni: kufyeka nyasi, kufuta vumbi kwenye bamba la sola. Avinesh alipokuja mara ya kwanza kukichunguza, mimi ndiye niliyempeleka mtoni. Baadaye akawa anakuja hata pale kisanduku kisipokuwa na la kuchunguzwa.

"Huyu anapima maji au anakupima wewe?" Bu aliniuliza siku moja, kwa sauti ya kusikika hadi nje.

"Bu, nyamaza, anasikia!"

"Asikie. Wewe Mhindi, njoo hapa karibu, macho yangu yameisha." Alimpapasa uso. "Pua nzuri. Basi, nimekuchukua mimi. Huyu mjukuu wangu ni mvivu wa kuosha vyombo, atakutesa."

"Nimekubali, mke wangu," Avinesh alimjibu bila kusita. "Mahari yako nini?"

"Biskuti. Laini, sina meno."

Tangu siku hiyo hakuwahi kuja bila biskuti. Baba alivumilia kwa sababu mama yake alifurahi. Lakini aliwahi kuniambia, tukiwa shambani: "Litiana, mgeni ni mgeni. Anakula kwetu, analala kwao." Na kule mjini Nausori, mama yake Avinesh alikuwa akimwambia mwanawe maneno yaleyale kwa lugha yao.

Basi siku ile ya mazishi Baba aliweka kikombe chake chini. "Avinesh. Wewe ndiye unayekijua kile kisanduku. Kwa nini kimelia?"

Avinesh alisogea mbele kidogo.

"Poleni sana, Baba," alisema. "Nilimpenda Bu."

"Najua. Nimekuuliza kisanduku."

Avinesh aliangalia mikono yake. Nilimwomba moyoni: sema, sema chochote. Hakusema.

"Ulimi umekaukia njiani?" Shangazi Kelera aliingilia. "Siku za kutafuna magimbi yetu hukuwa bubu, kijana."

"Kelera," Baba alimtuliza. Kisha akamgeukia Avinesh, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nimembeba mama yangu kama mzigo wa kuni. Nikakuuliza swali moja, mbele ya msiba wake. Mtu asiyeweza kunijibu leo, kesho hatakuwa na la kuniambia. Nenda."

Aliinuka. Nilimfuata mpaka kwenye gari.

"Unajua kwa nini kimelia," nilimwambia.

"Liti..."

"Jibu tu. Unajua?"

"Najua. Siruhusiwi kusema. Bado."

"Umekatazwa na nani? Na Mungu?"

Alifungua mlango wa gari, akasimama ameushika. "Nipe muda kidogo."

"Muda mwombe Bu," nilisema, nikageuka.

* * *

Watu wa idara ya serikali iliyotufungia king'ora walikuja wakakitazama kisanduku, wakasema ni radi. Mjomba Waisake aliwauliza radi gani ya jua kali. Wakasema radi ya mbali. Kijiji kiliwapa chai wakaondoka.

Kilichonitia hofu ni maneno yaliyofuata. Kila tulipokutana kisimani nilisikia mtu akisema, "Kikilia tena mimi natulia kitandani." Hata Apisai alisema hivyo. Na msimu wa mvua ulikuwa unakaribia. Asubuhi milima ilianza kuvaa mawingu.

Nilivaa nguo zangu nyeusi za msiba nikaenda Suva.

Nilimkuta kwenye chumba chao cha kazi, kirefu, chenye baridi ya mashine, meza zimejaa vyombo vilivyofunguliwa matumbo. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliinuka haraka, akagonga kiti, kiti kikaanguka, na wenzake wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana haja ya kwenda kunywa chai.

"Hujala," nilimwambia.

"Mama pia anasema hivyo."

"Basi kuna jambo tunakubaliana, mimi na mama yako."

Alitaka kucheka, akashindwa. Aliniokotea kiti. Tuliketi tukitazamana, na mikono yetu ilikuwa mezani, karibu, haikugusana. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima. Yote yalinipotea kwa sababu ya vile vidole vyake vyembamba ambavyo Bu alizoea kuvibonyeza akihesabu kama vimetimia.

"Nilikitengenezea kisanduku chenu pacha," alianza mwenyewe. "Kile pale, cha kijivu. Nilitaka kujua kama mtu anaweza kukidanganya king'ora, akakiambia mto umepanda wakati haujapanda. Nikanakili kila kitu cha kisanduku chenu, mpaka namba yake. Kabla ya jaribio unapaswa kumtenga pacha na dunia yote. Nikachomoa waya. Nikajiona nimemaliza."

"Hukumaliza."

"Ndani mlikuwa na laini ya simu. Ndogo kama kucha. Niliisahau. Nikampa pacha uongo wangu, na yeye akaupeleka mpaka kwenu kama ukweli." Alivuta pumzi. "Kosa la mtu anayeanza kazi jana. Na mimi ndiye ninayewafundisha wanaoanza."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi niliyemkimbiza Bu."

Nje kulikuwa na watu wanacheka kwenye varanda. Nilifikiri hasira itakuja, ikaja huzuni tu, ile tulivu ambayo nilikuwa nayo kila siku.

"Kwa nini hukumwambia Baba?"

"Kwa sababu kosa langu limeonyesha kosa kubwa zaidi. Nilichokifanya kwa bahati mbaya, mwingine anaweza kukifanya kwa makusudi, tena kwenye kila mto wenye visanduku vile. Au akafanya kinyume chake: mto unapanda kweli, yeye akakinyamazisha." Alisugua macho. "Sisi tuna desturi yetu. Ukigundua mlango uliobaki wazi, unamwambia kwanza aliyeutengeneza, kimya kimya, unampa muda aufunge. Ukitangaza kabla, wezi wanasikia pamoja na wenye nyumba. Siku ile, nikiwa njiani kuja kwenu, mwalimu wangu alinipigia: usiseme neno mpaka kampuni iliyotengeneza visanduku irekebishe."

"Wamerekebisha?"

"Bado. Wanasema kabla ya Krismasi."

"Na mvua ikija kabla ya Krismasi?"

Alikigeukia kile kisanduku cha kijivu.

"Avinesh, nisikilize. Watu wetu hawaogopi mwizi wako wa mtandao. Wameacha kukiamini king'ora, basi. Kikilia kwa ukweli watajifunika shuka. Wewe unalinda mlango, na waliomo ndani wamelala."

Alinitazama muda mrefu. Ule mtazamo nilikuwa nimeukosa kuliko nilivyojua.

"Nataka kuja kuomba radhi," alisema. "Kwa desturi yenu, na jino la nyangumi la kuombea msamaha. Baba yangu amekubali kufuatana nami. Lakini kwenu mtu haombi radhi ya jambo asilolitaja. Na nikilitaja nimevunja desturi ya kwetu."

"Baba yangu atakuuliza namba ya kisanduku?"

"Hapana."

"Atakuuliza uliingilia wapi?"

"Hapana."

"Anataka mtu mmoja aseme: ni mimi. Kuungama kosa si kulifundisha. Taja ulichofanya. Namna ulivyokifanya baki nayo."

Aliinama, akaweka paji la uso juu ya ngumi zake. Alipoinuka alisema, "Lazima nimwambie mwalimu kwanza. Anaweza kunitoa kwenye utafiti."

"Mwambie."

"Na wewe, Liti? Baba yako akikubali radhi, wewe je?"

Nilisimama nikajifunga kitambaa changu. "Mimi nimepanda basi kutoka kijijini mpaka hapa," nilimwambia. "Unafikiri nilikuja kuangalia mashine?"

* * *

Mwalimu wake alikasirika, kisha akatulia, kisha akasema wanaolala chini ya king'ora wana haki ya kujua kabla ya dunia nzima. Aliiandikia kampuni kwamba kijiji kimoja kitaambiwa. Kampuni haikupenda, lakini Avinesh hakutolewa kwenye utafiti.

Aliyepinga zaidi ni mama yake. Nilimsikia mwenyewe kwenye simu, Avinesh alikuwa ameisogeza mbali na sikio. "Mwanangu, msomi, aende kupiga magoti mlangoni kwa watu? Kwa ajili ya kengele?"

"Si kengele, Ma. Ni mama ya mtu."

"Na yule msichana?"

"Naye pia."

Simu ikakatwa.

Walikuja asubuhi ya Jumamosi: Avinesh, baba yake Bwana Hari, ambaye ni fundi wa mabasi, mtu mfupi mwenye grisi isiyotoka kwenye kucha, na Mjomba Waisake akiwa msemaji wao. Mjomba ni kaka wa marehemu mama yangu, na alikubali kuwasemea nilipomwomba, kwa sharti moja. "Baba yako akinitupia kikombe," aliniambia, "wewe ndiye utakayenifunga bendeji."

Waliketi nje ya mlango wa chini, ule wa wanaojishusha, kwenye jua, vichwa vimeinama. Baba alikuwa ndani na wazee. Aliwaona. Akaendelea kukoroga chai yake.

Jua lilipanda. Bwana Hari, ambaye goti lake ni bovu, alikuwa anahema. Nikamsogelea Baba.

"Baba, yule mzee ana goti."

"Nimemwona."

"Basi..."

"Litiana. Yule ni baba wa mtu. Amekuja kukaa juani kwa ajili ya mwanawe. Usiniharakishe, niache nimtazame."

Baada ya muda alipiga makofi mazito, yale ya kukaribisha, na Mjomba akaingia kwa magoti, jino mkononi, wale wawili nyuma yake. Mjomba alisema maneno ya desturi, ya kuomba, ya kujishusha. Kisha alifika mahali pa kutaja kosa akanyamaza. Kosa lilikuwa la Avinesh kulitaja.

Avinesh aliinua uso. "Baba, king'ora hakikulia kwa radi. Ni mimi. Nilikuwa Suva nikijaribu kitu, nikasahau jambo dogo, uongo wangu ukafika hapa. Nilimkimbiza Bu siku ya maziko yake. Nilikutoa jasho ukiwa na msiba. Kisha ukaniuliza, nikanyamaza. Namna lilivyotokea siwezi kueleza mpaka waliokitengeneza watakapomaliza kukirekebisha. Lakini ni mimi."

Baba alilitazama jino, kisha Avinesh, kisha Bwana Hari. Nilikuwa nimekaa na wanawake nyuma, na mkono wa Shangazi Kelera ulikuwa umenishika kiganja, sijui tangu lini.

"Ulijua siku ile ile?" Baba aliuliza.

"Nilijua, Baba."

"Kunyamaza kwako kuliniuma kuliko zile mbio."

"Najua, Baba."

Baba alinyoosha mikono miwili akalipokea jino. Alilishika kifuani, pale pale alipolizuia jeneza, akasema neno la kukubali. Makofi yakapigwa. Nikapumua.

"Limekwisha," Baba alisema. "Kuanzia sasa, atakayemkumbusha kijana huyu jambo hili, amenikosea mimi. Kelera, umesikia?"

"Kwani nimesema nini mimi?" Shangazi alijibu. "Nilitaka kuuliza tu kama amekuja na biskuti."

Watu walicheka, na mimi nililia, maana lilikuwa swali la Bu.

Mjomba Waisake, bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, lilipoanza kuzunguka, aliona mlango umefunguka akataka kupitisha na mkokoteni. "Sasa Semesa, maadamu sote tumeketi, na jino liko hapa, kuna neno dogo jingine juu ya binti yako..."

"Jino moja, neno moja, Waisake," Baba alimkatiza. "Hili ni la mama yangu. Usiniwekee binti yangu juu yake kama kitoweo."

Avinesh aliinamisha kichwa zaidi. Masikio yake yalikuwa mekundu. Alinitupia jicho, nami nikalidaka.

Baba alikunywa, akapangusa mdomo. "Niambie la maana. Kisanduku kikilia kesho, tukimbie au tulale?"

"Mkimbie," Avinesh alisema. "Kila mara. Na kisipolia, msikitegemee peke yake. Mvua ikinyesha milimani mtu atazame mto kwa macho. Wekeni mti wenye alama za kina cha maji pale kwenye mawe. Nitausimika leo, nikiruhusiwa."

"Apisai atakuonyesha mahali."

"Mimi ndiye mtunza kisanduku," nilisema kutoka nyuma.

Baba hakugeuka. "Basi nendeni watatu," alisema.

Tulikwenda watatu. Apisai, Mungu ambariki, alikumbuka kwamba amesahau panga, akarudi kulitafuta bila haraka yoyote. Tulisimama tumeushika mti, maji yakipita miguuni.

"Nilikuwa nikipiga simu yako nakata kabla haijaita," Avinesh alisema.

"Kwa nini?"

"Niliogopa utapokea."

Nilimpaka tope shavuni. Alifumba macho, akauacha mkono wangu ukae pale, na kwa mara ya kwanza tangu Bu aondoke nilisikia mwili wangu umetulia mahali pamoja.

Jioni, walipokuwa wanaaga, Baba alimsindikiza Bwana Hari mpaka kwenye gari amemshika mkono kwa sababu ya lile goti. Nilimsikia akisema, "Mwanao akija mara ya pili, kwa lile neno jingine, namtaka aje na mama yake. Binti yangu hatakwenda kwenye jiko la mwanamke asiyemtaka."

"Mke wangu ni mgumu," Bwana Hari alisema.

"Mama yangu alikuwa mgumu. Mwambie hivyo."

Mvua zimeanza. Mti umesimama mtoni, na king'ora kimelia mara moja, kwa ukweli, na watu wote wakapanda kilimani, Apisai akiwa wa kwanza. Avinesh yuko Nausori kwa wazazi wake, kila jioni anakaa jikoni akimbembeleza mama yake. Mama huyo bado hajakubali kuja. Mimi nimeanza kusuka mkeka wa harusi.